Jinsi ya kuunda kiunzi cha kuigia uhai kwa programu-jalizi, hatua kwa hatua

Karibuni watazamaji. Leo tunajenga kiunzi cha kuigia uhai ndani ya kompyuta: katikati kuna programu ndogo tutakayoiita kiini, na pembeni kuna programu-jalizi, yaani vipande vya programu vinavyochomekwa kwenye kiini bila kukibadilisha, zinazoleta viumbe, chakula, na kanuni za kuzaliwa na kufa. Tunatumia Python, toleo la 3.11 au jipya zaidi, bila maktaba yoyote ya nje. Kama unajua kuandika klasi na fanksheni, twende pamoja.

Kabla hujaandika mstari wowote, amua kiini kijue nini na kisijue nini. Mwaka 1970 Martin Gardner aliutambulisha kwa wasomaji wa jarida la Scientific American mchezo wa John Conway, Game of Life: ubao wa miraba, kila mraba una seli hai au mfu. Mwaka 1987 Craig Reynolds akachapisha kazi yake ya Boids, ndege wa kompyuta wanaoruka kwa makundi angani, pasipo mraba hata mmoja. Baadaye Thomas Ray akatengeneza Tierra, ambamo viumbe ni programu fupi zinazojinakili ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Wote watatu waliiga uhai, ila mahali wanapoishi viumbe wao hapafanani hata kidogo. Basi kiini chetu kisijue miraba, wala anga, wala kiumbe, wala kifo. Kijue muda unavyosonga, programu-jalizi zilizopo, nani anamiliki data ipi, na mbegu ya bahati nasibu, yaani thamani ya kuanzia inayoamua namba zote za bahati zitakazochotwa. Basi. Upana na urefu wa ubao ukionekana ndani ya kiini, utoe mapema, kwa sababu siku utakapotaka kuleta ndege utalazimika kubomoa nyumba nzima.

Hatua ya kwanza ni fupi. Tengeneza folda iitwayo uhai. Ndani yake weka faili la kiini.py, faili la jaribio.toml lenye mipangilio ya jaribio, na folda ya jalizi yenye faili tupu la __init__.py.

Hatua ya pili ni mkataba, na hapa naomba tusikimbie. Fungua kiini.py uandike klasi ya Jalizi. Kila programu-jalizi itaje jina la tabaka inayolimiliki, yaani fungu lake la data, mfano "seli" au "chakula"; matabaka yote kwa pamoja ndiyo dunia. Kisha iwe na fanksheni mbili. Ya kwanza, anza, hupokea vigezo vya jaribio na kurudisha hali ya mwanzo ya tabaka lake. Ya pili, hatua, hupokea dunia nzima ilivyo sasa na kurudisha hali mpya ya tabaka lake peke yake.

Angalia vizuri neno kurudisha. Fanksheni ya hatua haigusi dunia. Inasoma tu, halafu inatoa kitu kipya. Kiini hukusanya majibu ya programu-jalizi zote, kisha huyabadilisha yote kwa mpigo mmoja. Chukua seli tatu zilizolala kwenye mstari. Kwa kanuni za Conway, kizazi kinachofuata zinasimama wima, kinachofuata zinalala tena, na hivyo hivyo bila kikomo. Ukizibadilisha papo hapo, moja baada ya nyingine, ile ya pili itamwona jirani ambaye tayari yuko kizazi cha mbele, na umbo lote litavurugika bila kompyuta kukuonyesha kosa lolote. Mkataba huu unalizuia jambo hilo kwa kila atakayeandika programu-jalizi, hata kama halifahamu.

Hatua ya tatu, kupakia. Soma jaribio.toml kwa tomllib, chukua orodha ya majina ya programu-jalizi yaliyomo, na kila jina ulilete kwa importlib.import_module. Usipakie kila kilichomo ndani ya folda. Jaribio lijulikane lote kwa kusoma faili moja. Programu-jalizi mbili zikidai tabaka moja, kiini kigome kuanza na kitaje majina ya zote mbili.

Hatua ya nne, mbegu. Wengi huweka mbegu moja kwa programu nzima na kuona yamekwisha. Tatizo ni kwamba ukiongeza programu-jalizi ya mvua, nayo ikachota namba, namba za wengine wote zinasogea, na hutajua kama viumbe wamebadilika kwa sababu ya mvua au kwa sababu bahati imehama. Kwa hiyo mpe kila mmoja chanzo chake: random.Random, ndani yake maandishi yanayounganisha mbegu kuu na jina la programu-jalizi. Usitumie fanksheni ya hash kwa maandishi, maana jibu lake hubadilika kila unapoiwasha Python upya.

Sasa andika programu-jalizi ya kwanza, ya Conway. Majirani ni miraba 8 inayoizunguka seli. Seli mfu yenye majirani hai 3 inazaliwa; seli hai yenye majirani 2 au 3 inaendelea kuishi; nyingine zote zinakufa au zinabaki mfu. Namba hizo ziweke kwenye jaribio.toml. Ubao uwe wa 40 kwa 40, kingo zake zikiungana, kulia na kushoto, juu na chini. Weka glaida, lile umbo la seli 5 linalosogea mraba mmoja kimshazari kila vizazi 4. Baada ya vizazi 160 lazima iwe imerudi pale pale ilipoanzia. Andika kipimo hicho cha kukagua na ukiendeshe kila unapokigusa kiini.

Ukitaka HighLife, mchezo ndugu wa ule wa Conway, ongeza 6 kwenye namba za kuzaliwa, uanze kusaka umbo linalojinakili lenyewe. Hakuna msimbo unaobadilika.

Kiumbe akitaka kula, asilishike tabaka la chakula, maana lina mwenyewe. Aandike ombi ndani ya tabaka lake: mraba upi, kiasi gani. Kizazi kinachofuata, programu-jalizi ya chakula inayasoma maombi, inapunguza, na ndiyo inayoamua wawili wakigombea punje moja.

Zoezi lako ni Boids: kila ndege asigongane na wenzake, afuate mwelekeo wao, na asiachwe na kundi. Iandike yote ndani ya folda ya jalizi. Ukijikuta umefungua kiini.py ili ndege waruke, funga, urudi kwenye mkataba wa hatua ya pili, uangalie ni kitu gani kuhusu miraba kimepenya humo.