Watu wa shaba wa Manchester, na kona moja tupu

Habari zenu ndugu zangu. Wazee wangu mnaonitazama, shikamooni. Mama, koti nimevaa, usiwe na wasiwasi, huo mnaousikia ni upepo tu.

Nipo Old Trafford, uwanja wa Manchester United. Leo hakuna mechi, ndiyo maana mnaona kweupe hivi. Wengi mmekuwa mkiniomba niwaonyeshe uwanja huu, lakini uwanja wenyewe mnaujua, mmeutazama kwenye televisheni tangu wadogo. Leo nataka tuzunguke nje. Viwanja vya mji huu vimezungukwa na sanamu, na kuna jambo limenikaa moyoni ambalo nikiwaambia tu bila kuwaonyesha halitaeleweka.

Tuanze na hawa watatu. Katikati ni Denis Law, mkono juu. Huku George Best, huku Bobby Charlton. Mchongaji ni Philip Jackson, na sanamu ilizinduliwa tarehe 29 Mei 2008, miaka 40 kamili tangu Manchester United waifunge Benfica 4-1 pale Wembley na kuchukua Kombe la Ulaya. Charlton aliifungia timu hii mabao 249, Law 237, Best 179. Kila mmoja alichukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya: Law mwaka 1964, Charlton 1966, Best 1968.

Sasa sikilizeni. Fainali ile Law hakuicheza. Goti. Wenzake wanabeba kombe, yeye yuko hospitali. Na walipokuja kuitengeneza sanamu ya kukumbuka usiku ule, hawakumwacha nje. Wamemweka katikati.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nikakumbuka goti jingine la mwaka huohuo. Oktoba 1968, Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wetu anaingia uwanjani kumaliza marathoni, mguu umefungwa bandeji, taa zinawaka, watu wengi wameshaondoka. Mzee wangu alikuwa akitusimulia habari ile kama vile alikuwepo. Tutarudi kwa Akhwari, msiondoke.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona viatu? Angalieni kamba. Ile kamba inaingia tundu moja, inatoka, inajikunja, na fundo lake limekaa kidogo upande kama la mtu aliyefunga mwenyewe asubuhi. Hiyo ni shaba. Mchongaji huanza na udongo, anafinyanga mtu mzima. Udongo ukikamilika unachukuliwa kalibu, na ndani ya kalibu linapatikana umbo la nta. Nta nayo inafunikwa kwa tabaka gumu, inaingizwa kwenye moto, inayeyuka yote na kutoka. Panabaki uwazi wenye umbo lilelile, na humo ndimo shaba iliyoyeyushwa inamiminwa. Kwa hiyo hiyo kamba ilianza kwenye udongo, ikawa nta, nta ikapotea, ndipo ikaja shaba. Yule Askari wetu wa pale Posta, Dar es Salaam, naye ni wa shaba, yupo tangu 1927. Mkipita Samora simameni mtazame buti zake kwa karibu. Mimi nilipita pale miaka yote ya sekondari na sikuwahi kusimama.

Oktoba 2023, Charlton alipofariki, nilikuja hapa siku ya pili. Hapa chini palikuwa hapaonekani sakafu: maua, skafu, jezi, picha za zamani zimefungwa kwenye nailoni zisilowe. Alikuja mzee mmoja na mjukuu wake. Yule mtoto alikuwa na kikaratasi alichokiandika mwenyewe, akakiweka, kisha akakirudia akakisogeza karibu zaidi na mguu. Hawakusema kitu, wakasimama, wakaondoka. Januari 2025 akafariki Law, maua yakarudi tena hapahapa. Best alikwishatangulia tangu 2005. Siku zile ndipo nilipoelewa kazi ya sanamu. Mtu akiondoka, watu wa mji wanajua waende wapi. Sisi kwetu tunajua kwenda msibani, tunajua kukaa matangani, lakini yule mtu wa wote, asiye wa ukoo mmoja, tunamlilia wapi?

Ng'ambo ya barabara, juu pale, yupo Sir Matt Busby, kocha wao wa enzi hizo, ameshika mpira. Amesimama hapo tangu 1996, na wale watatu wanatazamana naye. Huyu alinusurika ajali ya ndege iliyobeba timu, mjini Munich, tarehe 6 Februari 1958. Watu 23 walikufa, 8 kati yao wachezaji, vijana. Ukutani mnaona saa imeandikwa tarehe hiyo.

Lakini ninayetaka mumjue zaidi yuko upande wa pili, nyuma ya jukwaa la Stretford End. Twendeni. Huyu anaitwa Jimmy Murphy, msaidizi wa Busby. Siku ya ajali hakuwa kwenye ndege, kwa sababu alikuwa pia anaifundisha Wales na siku moja kabla ilicheza na Israel mjini Cardiff. Busby akawa kitandani Munich, hali mbaya, na Murphy ndiye aliyebaki na kazi. Akazika vijana aliowalea mwenyewe. Akaokoteza kikosi, wengine watoto wa akiba, wengine wa kununua harakaharaka, na Mei mwaka huohuo kikosi hicho kikacheza fainali ya Kombe la FA. Walifungwa na Bolton 2-0, sawa. Ila jamani, miezi mitatu tu! Sanamu yake imekuja 2023, miaka 65 baadaye. Imechelewa, ndiyo. Lakini imekuja, na mimi kati ya zote hii ndiyo ninayoipenda.

Sir Alex Ferguson yule pale, mikono kifuani, 2012. Huyo hahitaji maelezo yangu.

Haya, nimepanda tramu, nimefika upande wa mashariki wa mji. Huu ni uwanja wa Manchester City. Hapa mambo ni tofauti: David Silva, Vincent Kompany na Sergio Agüero wametengenezwa na Andy Scott kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa kimoja kimoja. Ukiwa mbali unaona misuli, ukisogea unaona mwanga unapita katikati ya vipande. Agüero amevua jezi anaizungusha. Alizinduliwa tarehe 13 Mei 2022, miaka 10 tangu lile bao lake la dakika ya 93 na sekunde 20 lililowapa City ubingwa. Bao lile nililiona nikiwa kwenye kibanda umiza Temeke, tumebanana, benchi letu likavunjika kwa shangwe. Sikujua kwamba iko siku ningesimama hapa.

Sasa njooni kwenye kona hii, Alan Turing Way inapokutana na Ashton New Road. Mnaona nini? Hakuna kitu. Magari tu.

Hapa palikuwa na sanamu ya mita 56. Iliitwa B of the Bang, kazi ya Thomas Heatherwick: miiba 180 ya chuma imechomoza pande zote kama mlipuko uliogandishwa, na yote imeegemea upande mmoja. Jina lilitokana na mkimbiaji Linford Christie, aliyesema yeye huondoka bastola inapoanza tu kulia, kwenye ile herufi ya kwanza ya mlio, B ya "bang". Iliagizwa kuwa kumbukumbu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002 iliyofanyika mji huu. Ikazinduliwa Januari 2005, na siku chache kabla ya uzinduzi ncha moja ilikuwa imeshadondoka. Baada ya hapo miiba ikaendelea kulegea, watu wakawa wanahofia usalama wao, na 2009 ikashushwa. Kiini chake kikauzwa chuma chakavu mwaka 2012 kwa pauni 17,000.

Na hapa ndipo ninapoumia. Kwenye Michezo ile ya 2002, katika mji huu, Mtanzania alishinda marathoni ya wanaume. Anaitwa Francis Naali. Saa 2, dakika 11 na sekunde 58, mbele ya Mkenya Joshua Chelanga. Medali ya dhahabu. Nimeishi hapa miaka sita kabla ya kulijua hilo. Kila nikipita na tramu nilikuwa napita kwenye mji alioushinda ndugu yetu, na hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza. Nilikuwa namjua Agüero hadi sekunde.

Nimekulia jirani na uwanja wa taifa. Ule mpya, wa Mkapa, ulifunguliwa 2007 nikiwa mdogo, tulikuwa tunakaa ukutani kusikiliza kelele za watani wa jadi. Nje pale pana nafasi, ninyi mnaijua. Wachongaji tunao: nenda Mwenge, nenda Bagamoyo, mikono ya kazi hii ipo. Walioko kwenye riadha, walioko wizarani, mnaonitazama, hili naliomba kwa dhati. Filbert Bayi na rekodi yake ya mita 1500 ya Christchurch 1974. Naali na Manchester yake. Na Akhwari awe wa kwanza. Wasimfanye ameinua mikono. Ile bandeji ya mguuni ndiyo mchongaji aanze nayo, mkunjo kwa mkunjo, mahali ilipolegea kwa kukimbia.