Wasifu wa Kwanza katika Wikipedia: Kazi Inayotangulia Kuandika

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wakutubi na ndugu wanafunzi,

Nimeombwa nizungumze na watu waliofungua akaunti zao hivi karibuni katika Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea, na ninajua kwamba karibu kila mmoja wenu amekuja na jina la mtu anayetaka kumwandikia wasifu: mwalimu aliyemfundisha, mwimbaji wa mtaani kwao, mbunge wa kwanza wa jimbo lake, au mkunga aliyepokea watoto wa kijiji kizima. Nia hiyo ni njema na ninaiheshimu. Hata hivyo, wageni wengi huanza kwa kuandika, na ndiyo sababu makala zao za kwanza huondolewa. Ninachotaka kuwaeleza leo ni kwamba wasifu hukubaliwa kwa nguvu ya yale ambayo watu wengine wamekwisha kuyachapisha kuhusu mtu huyo, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika maktabani, kabla mwandishi hajafungua ukurasa wa kuhariri.

Wikipedia ilianza Januari 2001 kwa Kiingereza, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Misingi yake ni ileile katika lugha zote mbili: kutoelemea upande wowote, kuandika habari zinazoweza kuthibitishwa, na kutotumia kamusi elezo kama mahali pa kutangazia utafiti mpya. Kwa wasifu kuna sharti la nyongeza, nalo ni kwamba mtu awe ameandikwa kwa kirefu katika vyanzo vya kuaminika ambavyo havifungamani naye. Tovuti ya kampuni yake, ukurasa wake wa Facebook, na risala iliyosomwa siku ya kumuaga kazini havitoshelezi sharti hilo, hata kama kila neno lililomo ni la kweli. Habari ya mstari mmoja gazetini kwamba fulani alihudhuria mkutano nayo haitoshi.

Sharti hili huumiza, na si vyema kulificha hilo. Mwezi Mei 2018 rasimu ya wasifu wa mwanafizikia wa Kanada, Donna Strickland, ilikataliwa katika Wikipedia ya Kiingereza kwa maelezo kwamba marejeo yaliyoambatanishwa hayakuonyesha kuwa anastahili makala. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo alitangazwa kuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, mwanamke wa tatu kuipata baada ya Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963. Wengi waliilaumu Wikipedia, na lawama hiyo ina haki yake, kwani utafiti uliompatia tuzo aliuchapisha pamoja na Gérard Mourou tangu mwaka 1985. Lakini mimi naona lawama inapaswa kufika mbali zaidi ya mhakiki mmoja wa kujitolea. Kwa miaka zaidi ya thelathini magazeti na majarida yanayosomwa na watu wa kawaida hayakuwa yamemwandika kwa kiasi cha kustahili kazi yake, na kamusi elezo ikarithi ukimya huo. Ukimya wa namna hiyo ni mmoja wa sababu zinazofanya wanawake wawe takriban wasifu mmoja tu kati ya kila tano katika toleo hilo la Kiingereza.

Ukali kuhusu watu walio hai una chanzo chake pia. Mwaka 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika katika wasifu wa mwanahabari wa Marekani, John Seigenthaler, kwamba alishukiwa kuhusika na mauaji ya John F. Kennedy na ya ndugu yake Robert. Ulikuwa uongo mtupu, nao ulikaa hapo zaidi ya miezi minne kabla ya kuondolewa. Baada ya kashfa hiyo, Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasio na akaunti kuanzisha makala mpya, na kanuni za wasifu wa watu walio hai zikakazwa. Ndiyo maana siku hizi sentensi yoyote yenye ubishi kuhusu mtu aliye hai, ikikosa chanzo, huondolewa mara moja bila kungoja mjadala. Kwa hiyo nawashauri wageni waanze na mtu aliyekwisha kufariki na ambaye ameandikwa vitabuni.

Tumchukue Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na kufariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Makala yake ipo tayari, nami namchagua kwa makusudi, kwa sababu maisha yake yanaonyesha karibu kila ugumu mtakaokutana nao. Barabara iliyopewa jina lake, ambako ndiko iliko Maktaba Kuu ya Taifa, ni dalili kwamba nchi inamkumbuka, lakini kibao cha barabara hakielezi alifanya nini. Chanzo chenye uzito ni kitabu cha mwanahistoria Susan Geiger kilichotolewa mwaka 1997, ambamo wanawake wa TANU, Bibi Titi akiwa miongoni mwao, wanasimulia maisha yao wenyewe. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Simulizi lilelile, kama ningelisikia mimi barazani nikaliingiza katika makala, lingefutwa, maana msomaji hana mahali pa kulihakiki. Lilipokusanywa na mtafiti, likalinganishwa na kumbukumbu nyingine, likapita mikononi mwa wahariri na kuchapishwa, likawa chanzo ambacho mtu yeyote anaweza kukirejea kwa ukurasa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, naye tunaweza kumwandika leo kwa undani kwa sababu Shaaban Robert alimwandikia wasifu.

Sasa tazama miaka ya 1969 na 1970. Bibi Titi alikamatwa mwezi Oktoba 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akatiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Mwandishi atakayekwenda kutafuta magazeti ya wakati ule atakuta kwamba Uhuru lilikuwa gazeti la TANU, na kwamba The Standard lilitaifishwa Februari 1970, miezi michache kabla ya kesi kuanza kusikilizwa. Magazeti hayo yanafaa kwa tarehe, majina ya washtakiwa na mwenendo wa mahakama. Hayafai yawe msemaji wa mwisho kuhusu nia ya mshtakiwa aliyeshindana na chama na serikali iliyoyamiliki. Kwa hiyo mwandishi mwangalifu haandiki kwamba alipanga njama. Anaandika kwamba alishtakiwa na mahakama ikamtia hatiani, anataja chanzo, na tathmini ya kesi yenyewe anawaachia wanahistoria anaoweza kuwanukuu kwa majina. Wala hafanyi kinyume chake kwa kuiruka miaka hiyo kwa sababu anampenda. Wasifu usio na miaka hiyo hauaminiki.

Upendo huonekana pia katika lugha, na hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Tumelelewa kumtaja mtu mzima kwa heshima, tukitanguliza Mheshimiwa, Alhaji, Hayati au Mama yetu mpendwa, na ni vyema tuendelee hivyo katika hotuba na tanzia. Katika kamusi elezo maneno hayo huondolewa, pamoja na shupavu, mahiri na asiyesahaulika, kwa sababu hayathibitiki. Ukisema kwamba mwaka 1955 Bibi Titi alikabidhiwa uongozi wa kitengo cha wanawake cha TANU, wakati chama kilikuwa na mwaka mmoja tu, msomaji ataona ujasiri wake bila kuambiwa. Sentensi ya kwanza inatosha kutaja jina, miaka ya kuzaliwa na kufariki, nchi, na jambo lililomfanya aandikwe. Pale vyanzo vinapotofautiana, sema kwamba vinatofautiana: mwaka wa kuzaliwa wa mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, hautajwi kwa namna moja, na kuchagua mmoja kwa sababu tu unapendeza ni kumdanganya msomaji.

Kuhusu taratibu nitasema kwa ufupi. Katika Wikipedia ya Kiingereza akaunti mpya haiwezi kuanzisha makala moja kwa moja mpaka itimize siku nne na mahariri kumi. Kabla ya hapo mwandishi hupeleka rasimu kwa wahakiki. Tumieni muda huo kuongeza tanbihi na kusahihisha makala za wengine, maana ndipo kazi inapofunzwa. Katika Wikipedia ya Kiswahili makala huonekana mara inapohifadhiwa, kisha wakabidhi, yaani wasimamizi wa toleo hilo, na wahariri wengine huipitia. Makala fupi yenye vyanzo hubaki kama mbegu ikingoja kukuzwa; iliyonakiliwa kutoka tovuti nyingine huvunja hakimiliki, na iliyotafsiriwa na mashine bila kusomwa na mtu haistahili kubaki. Picha nayo iwe imetolewa na mwenye haki kwa leseni huria, kwani kuikuta intaneti si ruhusa. Anayelipwa kuandika anawajibika kutangaza hivyo, kwa masharti ya matumizi yaliyowekwa mwaka 2014, na anayetaka kumwandika baba yake au mwajiri wake ni afadhali apendekeze habari katika ukurasa wa majadiliano, awaachie wengine waamue. Makala ikiwekewa alama ya kufutwa, usiitoe alama hiyo kwa hasira. Nenda katika mjadala, uliza ni sentensi ipi haina msingi, kisha leta chanzo.

Linabaki swali la yule mkunga wa kijiji, ambaye hakuna kitabu wala gazeti lililomtaja. Siwezi kuwaambia kwamba anaweza kupata makala leo, na ninaliona hilo kuwa pengo kubwa mno kwa jamii ambazo elimu yake nyingi imehifadhiwa vinywani. Lakini njia aliyopitia Bibi Titi bado iko wazi. Mwanafunzi wa historia anaweza kumhoji kwa tasnifu yake, na mtafiti akaipeleka kazi hiyo katika jarida la chuo linalohakikiwa. Mwandishi wa habari anaweza kumtolea makala ndefu katika gazeti lenye mhariri. Ofisi ya kata au zahanati inaweza kuruhusu kumbukumbu zake zisomwe na watafiti. Hayo yakichapishwa na watu wawili watatu, kila mmoja kwa njia yake, mtu mwingine ambaye hakumhoji na hana undugu naye ataweza kuketi na kuandika wasifu huo, kila sentensi ikiwa na tanbihi yake. Wanaomfahamu mtu wa namna hiyo, naomba wabaki baada ya mhadhara, ili tuandike majina hayo na kupanga ni nani atakwenda kumhoji nani wakati wahusika wangali hai.