Bolti Kufunga Si Ushahidi

(Mhadhara kwa wawindaji wenye leseni na askari wa wanyamapori wa vijiji, Liwale, Lindi)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Mtutu unavyochakaa mnajua: moto wa baruti unalila koo lake, pale mbele ya chemba, yaani kile chumba inamokaa risasi, inapoanza mifereji, na shabaha inatawanyika. Hilo sirudii. Nimekuja na lilelile la kila mwaka: mtutu mpya ukishafungwa, nani alipima kina cha chemba yake?

Nikiuliza hivyo najibiwa, "Mzee, bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya chemba, inafunga laini kabisa." Jamani! Chemba iliyozidi kina nayo hufunga laini.

Bwana mmoja aliniletea bunduki ya Mauser 98 iliyobadilishwa mtutu, anaisifia shabaha. Na kweli ilikuwa nzuri. Nikamwomba ganda moja la risasi aliyokwisha kupiga. Juu kidogo ya kitako palikuwa na duara linalong'aa, jembamba kama uzi. Nikachukua spoku ya baiskeli, ncha nimeinoa na kuipinda, nikaiingiza mpaka chini, kisha nikaivuta taratibu huku ikikwaruza ukuta wa ndani. Tik! Ikanasa. Nikampa ajaribu mwenyewe. Ikanasa palepale. Ule ni mtaro. Risasi ilipolipuka, mwili wa ganda ulishika ukuta wa chemba, kitako kikasukumwa nyuma kuitafuta bolti, na shaba ya hapo kati ikavutika ikawa nyembamba. Siku itakapokatika, gesi itarudi nyuma, na nyuma ndiko liliko jicho lako.

Mtaniambia Mauser ina matundu ya kutolea gesi kwenye bolti. Ninayajua, nimeyasafisha miaka mingi. Yale yamewekwa kwa ajili ya ajali. Fundi asiyepima hana haki ya kuyategemea.

Vipimo ni geji mbili za chuma, zinazoingizwa kwenye chemba mahali pa risasi, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, bolti lazima ifunge. Ya pili, lazima ikatae. Tofauti ya urefu wao ni kama unene wa karatasi, ndiyo maana siwezi kukubali mtu apime kwa macho. Na kila risasi ina geji zake: 30-06 inakaa kwenye bega la ganda, pale linapoanza kubanwa kuelekea shingo; 375 H&H inakaa kwenye ule mkanda wa chini. Bolti ikifunga kwenye geji ya pili, mtutu unafunguliwa, unarudi kwenye mashine ya kukerezea, unapunguzwa, chemba inachongwa upya. Mwenye bunduki akinuna, anune.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kutu, darubini, kusafisha mtutu mpya, hayo yatasubiri. Ila kazi hii ya kubadilisha mtutu ni ya fundi mwenye leseni tu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ipo tangu 2015, isomeni. Sasa waliobadilisha mitutu na wamekuja na maganda, wapite mbele. Spoku ninayo hapa.