Karata Zilizolazwa Kifudifudi

Asalaam aleikum wazee wangu, na nyinyi vijana mliotoka Langoni na Mkomani.

Nianze na karata. Mmekaa barazani wanne. Mgawaji, badala ya kumpa kila mtu zake, anakukabidhi wewe karata zote, zako wazi, za wenzako kifudifudi, kisha akwambia: usichungulie. Utastahimili mpaka lini? Michezo mingi ya kupigana mtandaoni ndivyo ilivyojengwa. Seva, ile kompyuta kuu inayowaunganisha wachezaji, huipelekea simu yako habari za kila adui, hata aliyejificha nyuma ya ukuta. Simu yajua alipo. Kioo tu ndicho kisichokuonyesha. Ile programu ya wadanganyifu, ya kuona kupitia ukuta, haina uchawi. Inafunua karata ulizokwisha kupewa.

Ndiyo maana mimi namlaumu mgawaji kwanza, yaani kampuni yenye mchezo. Valorant, mchezo wa Riot Games uliotoka 2020, seva yake huzuia habari za mahali alipo adui mpaka akaribie kuonekana. Kisichofika kwako utakichungulia wapi?

Programu ya kukulengea shabaha ni taabu zaidi, kwa kuwa yatumia yaleyale unayoyaona kihalali. Hapo kampuni zikaamua kuweka walinzi, yaani programu za kunasa udanganyifu, ndani kabisa ya kiini cha mfumo wa kompyuta. Jambo hili lanitia hofu kweli. Mwaka 2022 Trend Micro, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza jinsi wahalifu walivyochukua draiva, programu ndogo ikaayo ndani ya kiini hicho, ya kuzuia udanganyifu katika mchezo wa Genshin Impact, wakaitumia kuzima programu za kukinga virusi, wakafunga mafaili ya watu ili wadai fidia. Na kompyuta haikuhitaji hata kuwa na mchezo wenyewe. Draiva waliibeba wao.

Sasa nyinyi wanangu. Kijana wa jirani yangu aliletewa kiungo cha WhatsApp: almasi za bure, zile pesa za ndani ya mchezo wa Free Fire. Akapakua, akaingiza nenosiri lake, akaipa programu ruhusa ya kusoma meseji. Usiku uleule akaunti aliyoihangaikia miaka miwili ikamtoka. Alilia, na sikumcheka. Lakini kilichonikosesha usingizi ni kwamba simu ile ni ya mamake, na laini yake ndiyo ya M-Pesa. Tulikaa mpaka alfajiri tukifuta na kubadilisha namba za siri.

Kesho baada ya alasiri nitakuwa papa hapa. Njooni na simu, tuangalie moja moja ni programu gani zasoma meseji zenu.