Panya hawakufa: je, dawa ni salama?

Mabibi na mabwana, ripoti nyingi za miti shamba humalizia hivi: panya walipewa dondoo, yaani dawa iliyotolewa kwenye mmea kwa kuuloweka au kuuchemsha, hadi miligramu 2000 kwa kila kilo ya uzito wao, hakuna aliyekufa, basi dawa ni salama. Matokeo hayo sina ugomvi nayo. Nabishana na hitimisho.

Mwongozo namba 423 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima usalama wa kemikali, hutumia panya watatu kwa kila hatua, kwa kawaida majike. Hulala bila chakula, ila maji hawanyimwi, kisha hupewa dozi moja kwa mrija au sindano ya ncha butu inayofika tumboni. Wakishapewa, usiondoke! Saa nne za mwanzo ndizo za kukaa macho zaidi: mtetemeko, mate, kuharisha, kupumua kwa shida. Ufuatiliaji huendelea kwa siku 14, ndipo wapasuliwe. Ngazi za dozi ni miligramu 5, 50, 300 na 2000 kwa kilo, na yaliyowapata watatu wa kwanza ndiyo yanayoamua upande, kupanda au kushuka. Zamani tulitafuta dozi ya kuua nusu ya wanyama, njia iliyoletwa na mwanasayansi Trevan mwaka 1927. OECD iliufuta mwongozo wake wa namna hiyo mwaka 2002, na mimi sikuusikitikia.

Sasa, jaribio hili linajibu swali moja tu: je, dozi moja kubwa inaua upesi? Lakini nani hunywa dawa ya kisukari mara moja akaacha? Mgonjwa hunywa kila siku, miezi na miaka. Ndiyo maana kuna jaribio la siku 28, kila kundi likiwa na madume watano na majike watano, na la siku 90, kumi kwa kumi. Hapo damu hupimwa vimeng'enya vya ini, pamoja na urea na kreatinini kwa ajili ya figo, na vipande vya viungo hutazamwa kwa hadubini. Mimi husoma kwanza kundi lisilopewa dawa. Hilo nalo likikonda, huenda shida si dawa bali mkono wa anayewanywesha kwa mrija.

Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina waliharibikiwa figo. Mhusika alikuwa mmea uitwao Aristolochia. Baadaye baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo. Saratani haijitokezi kwa siku 14, na hata siku 90 zinaweza kuikosa.

Jambo lingine hupuuzwa mno: kilichopimwa ni kipi? Maabara huloweka majani kwa ethanoli, yaani alkoholi, nyumbani watu huchemsha mizizi kwa maji. Kemikali zinazotoka si zilezile. Ripoti ya namna hiyo, hata ikifanywa vizuri kiasi gani, haihusu kikombe anachokunywa mgonjwa. Mwandishi asiyetaja sehemu ya mmea na kiyeyushi alichotumia, yaani kimiminika cha kulowekea au kuchemshia, mimi humrudishia karatasi yake kabla sijafika kwenye majedwali.