Rada ya kilomita 450 inaona nini hasa?

Mabibi na mabwana, rada nyingi za kulinda anga hutangazwa kuwa zinaona hadi kilomita 450 hivi. Ni kweli, ila kwa masharti.

Mawimbi ya rada hayapindi sana, na dunia ni mviringo. Chukua antena iliyo juu ya mlingoti wa mita 10. Ndege inayoruka kwenye kimo cha mita 10,000 itaanza kuonekana ikiwa umbali wa kilomita 425 hivi. Ishushe hadi mita 100, na haionekani mpaka ifike kilomita 54. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, umebakiwa na dakika tatu na nusu! Hata ukiongeza nguvu za mtambo, haisaidii. Ndiyo maana majeshi hupandisha rada milimani, au huzibeba kwa ndege kama E-3 ya Marekani, ile yenye sahani kubwa mgongoni.

Nguvu zenyewe nazo ni ghali: kuongeza umbali wa kuona maradufu kwa antena ileile kunadai nguvu mara 16, kwa sababu wimbi hudhoofika likienda na likirudi.

Najua mnasubiri habari za ndege zinazokwepa rada. Zinaonekana, ila kwa tabu. Umbo lake limechongwa hasa kwa ajili ya mawimbi mafupi, ya sentimita chache, yanayotumiwa kuongoza makombora. Wimbi la mita moja au mbili linakaribiana na ukubwa wa mkia wa ndege, na hapo ule ufundi wa umbo hupungua nguvu. Lakini wimbi refu halilengi vizuri: litakuonyesha upande wa kutazama, si mahali pa kupiga.

Halafu kuna kutambua, na hapa ndipo wengi hukwama. Mei 28, 1987, Mathias Rust, kijana Mjerumani wa miaka 18, aliruka na Cessna ndogo kutoka Helsinki akatua karibu na Uwanja Mwekundu, Moscow. Rada za Wasovieti zilimwona. Hata rubani wa ndege ya kivita alimwona kwa macho. Njiani, kituo baada ya kituo, alidhaniwa kuwa ndege ya wenyewe. Aliyelipia ni Waziri wa Ulinzi, Sergei Sokolov: alifukuzwa kazi.

Haya, karibuni maswali.