Maji Yasifike Mlangoni: Uwanja wa Makumbusho Kama Kinga ya Mafuriko

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wahifadhi, wasanifu, wahandisi, nanyi watunza bustani mliokaa kule nyuma (naomba msogee mbele, maana leo nitawazungumzia sana), asanteni kwa kunikaribisha.

Mafuriko yanapotajwa kwenye vikao vya makumbusho, mazungumzo huanzia ndani ya jengo. Tunaulizana kuhusu pampu, mifuko ya mchanga, milango isiyopitisha maji, na nani hukaa na funguo za stoo usiku. Yote hayo yanahitajika. Lakini maji yakishagusa mlango tumeshachelewa, na kilichobaki ni kuokoa kinachookoleka. Ninaloamini ni kwamba kinga ya kwanza ya makumbusho ni ardhi inayoyazunguka, na ardhi hiyo yapasa kusanifiwa, kutengewa fedha na kutunzwa kwa uzito uleule tunaoupa paa.

Tuanze na hasara, ili tujue tunalinda nini. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika mjini Florence, Italia. Katika baadhi ya mitaa maji yalipanda zaidi ya mita sita. Baridi ilikuwa inakaribia na watu walikuwa wameshajaza matangi ya mafuta ya kupashia nyumba joto, kwa hiyo kilichoingia kwenye makanisa, maktaba na makumbusho kilikuwa tope lililochanganyika na mafuta. Msalaba mkubwa uliochorwa na Cimabue katika karne ya 13, uliokuwa kwenye makumbusho ya kanisa la Santa Croce, ulibanduka sehemu kubwa ya rangi yake. Mafundi waliuhangaikia kwa takriban miaka kumi. Leo unaonekana, lakini rangi iliyokwenda na maji haikurudi.

Wala msidhani ni lazima maji yafike mita sita. Sentimeta tano sakafuni zinatosha. Maji hayo yakilala chumbani kwa siku mbili, unyevu unapanda hadi kwenye rafu ambazo hayakuzigusa, na kuvu huanza kuota kwenye karatasi, ngozi na nguo.

Mara nyingi pia mhalifu si mto. Ni mvua iliyonyesha juu ya kiwanja chenyewe, ikakosa pa kwenda. Hapa nawaomba mtoe kalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukueni jumba lenye paa, maegesho na uwanja wa zege, jumla mita za mraba 10,000. Inyeshe mvua ya milimita 50, ambayo katika nchi za joto huweza kushuka ndani ya saa moja. Hizo ni lita 500,000, yaani matangi mia moja ya lita 5,000, zikikimbia juu ya lami zikitafuta mahali palipo chini kuliko pengine pote. Na katika majumba mengi ya makumbusho mahali hapo ni mlango wa kupakulia mizigo, ulioshushwa chini ili lori lifike usawa wa stoo.

Nataka tusimame kwenye mlango huo kidogo. Lori likija, hushuka kwenye mteremko wa zege na kurudi nyuma hadi mlangoni. Chini ya mteremko kuna mfereji mwembamba uliofunikwa kwa wavu wa chuma. Huo mfereji mara nyingi ndio ulinzi pekee kati ya barabara na mkusanyo wote wa vitu vya makumbusho. Ukija nje ya msimu wa mvua ukainua wavu, utakuta majani, mchanga, vipande vya kadibodi na kamba za plastiki zilizofungia makasha. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji huo hujaa mapema, na mteremko wote unageuka mdomo wa kumezea maji ya barabara. Tiba yake haina gharama kubwa: kabla njia haijaanza kushuka, ipandishwe kwanza. Tuta la upana wa kutosha lori lisikwame, lenye kimo kinachozidi maji ya barabarani, likiungana pande zote mbili na ardhi ya juu ili maji yasilizunguke. Tuta lisilounganishwa na kitu pembeni halizuii chochote.

Sasa turudi kwenye kiwanja kizima. Kabla ya kuchora mstari wowote, msanifu wa mandhari atafute ramani za zamani. Mwishoni mwa Juni 2006 mvua kubwa ilinyesha Washington, Marekani, na eneo liitwalo Federal Triangle likajaa maji. Ghorofa za chini ya ardhi za majengo kadhaa ya serikali zilifurika, likiwemo jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ingawa nyaraka zenyewe zilisalimika. Eneo lile ni bonde. Hapo zamani kilipita kijito cha Tiber Creek, ambacho katika karne ya 19 kiligeuzwa mfereji, kisha kikafukiwa na barabara ikapita juu yake. Kando ya barabara hiyo leo yamepangana baadhi ya majumba makubwa ya Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa la Marekani. Maji hufuata mkondo, wahenga walishasema, na kufukiwa kwa mkondo hakuondoi bonde. Kwa hiyo tafuteni ramani za kale, picha za angani, majina ya mitaa, na wazee wanaokumbuka palipokuwa na kinamasi. Kazi hiyo makumbusho yana watu wa kuifanya kuliko taasisi nyingine yoyote, na nashangaa jinsi tusivyowatumia.

Ukishajua maji yanatoka wapi, jambo linalofuata ni mteremko karibu na kuta. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba udongo ushuke kwa asilimia tano katika mita tatu za kwanza kutoka ukutani, yaani sentimeta 15, na sakafu ngumu ishuke kwa asilimia mbili. Mnaweza kusema hilo kila fundi analijua. Ni kweli, siku jengo linapokabidhiwa mteremko huwa upo. Lakini miaka inapita. Kila msimu bustani ya maua inaongezwa udongo na mboji. Barabara inakarabatiwa kwa kumwaga tabaka jipya la lami juu ya lile la zamani. Ardhi inapanda kidogokidogo, na siku moja barabara iko juu kuliko kizingiti na hakuna aliyeona ilivyotokea. Pimeni vimo vya kiwanja chenu kila baada ya miaka michache. Kwa kiwanja kidogo, bomba jembamba la plastiki lenye maji ndani linatosha kuwaonesha palipo juu na palipo chini.

Kuondoa maji ukutani ni nusu ya kazi. Yakiondolewa yote kwa kasi, yatamwangukia jirani, na makumbusho ni mali ya umma. Hayana haki ya kujiokoa kwa kuizamisha mitaa inayoyazunguka. Ndiyo maana tunahitaji mahali pa kuyalaza maji kwa muda. Rudini kwenye hesabu yetu ya lita 500,000, ambazo ni mita za ujazo 500. Kipande cha nyasi cha mita 25 kwa 50 kikishushwa sentimeta 40 tu, kinazimeza zote. Siku za jua watoto wanacheza mpira hapo, wanafunzi wanakaa kula chakula chao. Siku ya mvua kubwa kinakuwa bwawa kwa saa chache, kisha kinakauka.

Wapo waliolifanya hili kwa kiwango kikubwa. Tarehe 2 Julai 2011 Copenhagen, Denmark, ilipigwa na mvua ya karibu milimita 150 ndani ya takriban saa mbili. Mwaka uliofuata jiji likatoa mpango wa kukabiliana na mvua za aina hiyo kwa kutumia bustani, viwanja na barabara zake. Bustani ya Enghaveparken, iliyofunguliwa upya 2019, sasa inaweza kushika mita za ujazo 22,600 za maji, na kwa mtu anayepita siku ya kawaida ni bustani ya kupendeza tu. Rotterdam, Uholanzi, waliweka tangi la mita za ujazo 10,000 kwenye maegesho ya chini ya ardhi katika Museumpark, bustani inayopakana na majumba kadhaa ya makumbusho. Mifereji ya mji ikizidiwa, maji huingizwa humo, kisha hutolewa polepole mvua ikishapungua. Lakini Rotterdam hawakuishia hapo. Jumba la sanaa la Boijmans Van Beuningen, lililokuwa likitunza sehemu ya mkusanyo wake kwenye vyumba vya chini, lilijengewa ghala jipya lililofunguliwa 2021 katika bustani hiyohiyo, na vitu vimewekwa kwenye ghorofa zilizo juu ya ardhi. Hilo nawaomba mlizingatie. Hakuna bustani, hata iwe nzuri namna gani, inayohalalisha kuweka vitu visivyo na mbadala chini ya usawa wa ardhi.

Kwenye makumbusho madogo, kazi nyingi itafanywa na bustani za mvua, yaani vitanda vya mimea vilivyoshushwa, vyenye udongo wa kichanga, ambavyo mabomba ya paa humwagia maji yake. Viwe umbali wa angalau mita tatu kutoka ukutani, na upande wa chini wa mteremko. Mpime udongo kwanza: chimbeni shimo la sentimeta 30, lijazeni maji, yakishanywewa lijazeni tena, kisha mpime yanashuka sentimeta ngapi kwa saa. Kama ni mfinyanzi mzito na maji hayashuki, wekeni bomba lenye matundu chini ya kitanda liyapeleke mbele. Maji yasikae zaidi ya siku mbili. Mbu huhitaji karibu wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo bustani inayokauka kwa wakati haizalishi mbu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu hofu ya mbu imeua miradi mizuri mezani.

Kuhusu mimea, kaeni na mhifadhi wenu kabla ya kununua hata mche mmoja. Wapo mbawakawa wadogo ambao wakikua hula chavua ya maua nje, kisha huingia ndani kutaga, na viluwiluwi vyao hutafuna sufu, manyoya na ngozi. Ukipanda maua yanayowavutia chini ya dirisha la chumba cha mavazi ya kale, umewaandalia makao. Karibu na ukuta acheni ukanda wa kokoto usio na mmea. Mbali zaidi, pandeni nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiva, inayoshika udongo na kupunguza kasi ya maji. Miti nayo iwekwe mbali na gata za paa na mifereji, maana majani yake ndiyo huziba kila kitu siku ya dhoruba.

Halafu kuna swali ambalo wasanifu wengi hulikwepa: mvua ikizidi kipimo tulichokisanifia, maji yataelekea wapi? Siku hiyo itakuja. Lazima kiwanja kiwe na njia ya ziada, iliyochorwa kwenye ramani na kuonekana kwa macho, ambapo bwawa likijaa maji yanapita kuelekea barabarani au mtoni bila kugusa jengo. Njia hiyo isijengewe kibanda cha tiketi wala kuwekewa kontena. Nimeona ramani nzuri sana zikiharibiwa na kontena moja.

Nikiri mipaka ya ninayoyasema. Mto mkubwa ukifurika, bustani haitauzuia. Juni 2008 mto Cedar ulifurika huko Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, na Makumbusho ya Taifa ya Wacheki na Waslovaki yakazama. Walichofanya ni kulinyanyua jengo lenyewe, wakalihamishia mahali palipo juu zaidi, na likafunguliwa tena 2012. Huko Miami, Marekani, jumba la sanaa la Pérez lililofunguliwa 2013 liliinuliwa juu ya jukwaa tangu mwanzo, na magari huegeshwa chini yake mahali palipo wazi, ambapo maji yanaweza kuingia yakatoka bila kugusa mchoro hata mmoja. Kama makumbusho yenu yako kando ya mto au bahari, mandhari yawe sehemu ya mpango mkubwa wenye kuinua, kuzuia na ikibidi kuhama. Kinachosikitisha ni kuona taasisi ikingoja fedha za ukuta wa mto kwa miaka ishirini, huku ikilowa kila mwaka kwa mvua ya paa lake yenyewe.

Sasa watunza bustani. Kila nilichokitaja hufa bila wao. Bustani ya mvua isiyoondolewa mchanga huziba baada ya misimu michache. Wavu wa mfereji usiofagiliwa ni sawa na mfereji usiokuwepo. Hata hivyo nikisoma mipango ya dharura ya makumbusho, nakuta mkurugenzi, mhifadhi, mlinzi, zimamoto, na mtunza bustani hayumo. Mara nyingi ni kibarua wa mkandarasi anayebadilishwa kila mwaka, na hakuna aliyemweleza kwamba ule mwinuko mdogo wa nyasi anaotaka kuusawazisha ndio unaolinda stoo ya hati.

Ombi langu kwa wakurugenzi mlioko hapa ni hili. Mwajirini kwa mkataba wa kudumu. Mpeni ramani ya vimo na mtembee naye kiwanja chote wakati mvua inanyesha, kwa sababu ndipo maji yanapojionesha yanakopita. Wekeni fungu la kusafisha mifereji kwenye bajeti ya uhifadhi, lisije likafutwa kila fedha za usafi zinapopunguzwa. Na namba yake ya simu iandikwe kwenye orodha ya dharura, juu ya ile ya mwenye pampu. Karibuni kwa maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa wale waliosogea mbele.